Kuandika wasifu wa Baba, fundi wa mashine za kufumia

Wasifu wa marehemu, katika mazishi mengi ya Kikristo niliyohudhuria, huandikwa usiku wa kuamkia siku ya kuzika, na mtu ambaye hajalala, kwa kufuata mtindo uliokwisha kutumiwa kwa marehemu wengine. Huanza na mwaka wa kuzaliwa, hupita shule na ajira, husema kwamba marehemu alikuwa mchapakazi, mcheshi na mpenda watu, hueleza ugonjwa, kisha hutaja mjane na idadi ya watoto na wajukuu. Baba yetu alipofariki dunia, baba mdogo aliandika wasifu wa namna hiyo kabla hata ratiba ya ibada haijapangwa. Haukuwa na uongo mkubwa. Lakini miaka yote ambayo Baba alifanya kazi katika viwanda vya nguo, kwanza Dar es Salaam na baadaye Morogoro, ilikuwa imeingia katika sentensi moja: "Aliwahi kufanya kazi katika viwanda mbalimbali." Mama aliposomewa alinyamaza kwa muda, kisha akauliza anayesemwa hapo ni nani. Kikao cha familia kikanikabidhi mimi kazi ya kuandika upya, nadhani kwa sababu ni mwalimu wa sekondari, na watu huamini kwamba mwalimu anaweza kuandika chochote.

Nasimulia haya kwa ajili ya yeyote atakayekabidhiwa kalamu hiyo, hasa mtoto wa mzee aliyefanya kazi ya mikono, ambaye hakuwahi kuwa mkurugenzi, hakuachia hotuba, wala hakupenda kujizungumzia.

Kazi ilianza kwenye sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda chake. Humo mlikuwa na cheti cha ubatizo na cha kipaimara kutoka Upare, kitambulisho cha kazi chenye picha iliyofifia, kadi ya JUWATA, yaani jumuiya ya wafanyakazi, kadi ya NPF, yaani mfuko wa akiba ya wafanyakazi, barua ya kupunguzwa kazini, na bahasha za ahadi za usharika zilizofungwa mafungu mafungu kwa mpira, kila fungu likiwa na mwaka wake. Mtu anayepanga kuandika wasifu wa mfanyakazi wa kizazi kile aanzie kwenye karatasi za aina hiyo, kwa maana hata zisipoeleza mengi zinaweka mipaka. Kadi ya JUWATA, kwa mfano, haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka 1978, kwa sababu ndipo jumuiya hiyo ilipochukua nafasi ya NUTA. Mfuko wa NPF ulianzishwa mwaka 1964 na kugeuzwa kuwa NSSF mwaka 1997. Kwa kulinganisha karatasi moja na nyingine tuliweza kukataa tarehe kadhaa ambazo ndugu walizitaja kwa uhakika mkubwa sana.

Mwaka wa kuzaliwa ndio uliotuchosha. Cheti cha ubatizo kilisema 1948, kitambulisho cha kazi kilisema 1950, na kadi ya mpiga kura ilisema mwaka mwingine kabisa. Jina nalo lilikuwa na sura mbili: kanisani alitumia jina la ubatizo na la baba yake, kiwandani karani aliandika jina la ubatizo na la babu. Kwa ajili ya wasifu tulichukua mwaka wa kitabu cha ubatizo, kwa kuwa ndio ulioandikwa karibu zaidi na tukio lenyewe na mtu asiyekuwa na sababu ya kuupunguza wala kuuongeza. Kwa ajili ya cheti cha kifo, mambo ni tofauti. Taarifa anazopewa msajili zinapaswa kulingana na nyaraka ambazo benki na mfuko wa hifadhi ya jamii watazidai, na majina yasipolingana, familia hulazimika kwenda kuapa mbele ya wakili au hakimu kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Ni gharama ndogo, ila inamkuta mtu akiwa amechoka. Ushauri wangu ni kwamba mzee akiwa hai na mwenye nguvu, kaeni naye mzilinganishe karatasi zake, na kama kiapo kinahitajika, aape mwenyewe.

Karatasi zilitupa mifupa ya habari. Zilituambia kwamba aliajiriwa Urafiki, pale Ubungo, mwaka 1969, mwaka mmoja tu baada ya kiwanda hicho kilichojengwa kwa msaada wa China kufunguliwa, na kwamba katikati ya miaka ya 1980 alihamia Morogoro, kwenye kiwanda kimojawapo kati ya vile vilivyojengwa mjini humo wakati serikali ilipokuwa ikiutengeneza kuwa mji wa viwanda. Hazikusema alikuwa akifanya nini hasa kuanzia anapopita getini hadi anapotoka. Hilo hata sisi watoto wake hatukulijua. Tulijua saa za zamu, tulijua harufu ya mafuta ya mashine kwenye ovaroli, tulijua nyuzi nyeupe zilizokuwa zikinasa kwenye nywele zake. Tulimwita mfanyakazi wa kiwandani na tukaona tumemaliza.

Waliotuokoa ni wazee wenzake. Walifika msibani mapema, wakakaa pembeni chini ya mwembe, na hakuna aliyewauliza chochote kwa sababu kamati ilikuwa inashughulikia maturubai na sufuria. Nilikwenda kukaa nao na daftari. Swali la kwanza nililowauliza, yaani Baba alikuwa mtu wa namna gani, lilijibiwa kama linavyojibiwa siku zote: alikuwa mtu mzuri, mcha Mungu, hakuwa na makuu. Mambo yalibadilika nilipowauliza kuhusu vitu. Alisimama wapi ndani ya chumba? Mashine yake ilikuwa ya aina gani? Ikiharibika usiku, ilikuwaje? Hapo kila mmoja akataka kusema kabla ya mwenzake, na mikono ikaanza kufanya kazi hewani.

Baba alikuwa fundi wa mashine za kufumia. Walinieleza jinsi nyuzi za mtande, zile zinazokwenda kwa urefu wa kitambaa, zinavyopakwa wanga kwanza ili zistahimili msuguano, zinavyokuja kutoka kwenye rola kubwa nyuma ya mashine, na jinsi kibao chenye ncha mbili kinachobeba uzi wa mshindio, ule unaopita kwa upana, kinavyorushwa kushoto na kulia zaidi ya mara mia moja kwa dakika. Uzi mmoja wa mtande ukikatika, mashine husimama, na mfumaji huufunga. Lakini mashine inaposimama bila uzi kukatika, au kibao kinaporuka nje ya njia yake, jambo ambalo linaweza kumtoa mtu jicho, huitwa fundi. Chumba chenyewe kilitunzwa kikiwa na joto na unyevu, kwa kuwa uzi wa pamba ukikauka hukatika ovyo. Mzee mmoja alisema kwamba Baba aliweka kiganja juu ya fremu ya mashine kabla hajachukua spana, akatulia hivyo kwa muda, na mara nyingi aliugundua ubovu kwa mtetemo. Ufundi huo alijifunza Ubungo kwa wataalamu wa Kichina, bila lugha ya pamoja, kwa kutazama mikono tu.

Ndipo nikauliza walizungumzaje humo ndani, na wazee wakacheka. Hawakuzungumza. Kelele za chumba kilichojaa mashine za namna hiyo huzidi desibeli 90, wakati usikivu wa mtu anayekaa kwenye kelele saa nane kila siku huanza kuwa hatarini kuanzia desibeli 85. Walikuwa na ishara za vidole kwa ajili ya kila jambo: mashine namba fulani, mafuta, msimamizi anakuja, saa ya chakula. Mengine waliyasoma midomoni.

Sikuweza kuandika kwa muda baada ya kusikia hivyo. Utoto wetu wote tulilelewa na baba aliyekuwa akitukazia macho usoni tulipomsemesha, bila kupepesa, na sisi tulichukulia kuwa ni ukali. Kaka yangu mkubwa alikuwa na kigugumizi mbele yake tu, si mbele ya mtu mwingine. Kumbe alikuwa akitutazama midomo. Mama alipoulizwa alisema bila mshangao kwamba ndiyo, sikio la kushoto lilikufa zamani, na ndiyo sababu yeye alikaa upande wake wa kulia kanisani na kitandani. Hakuna aliyetuficha, hatukuwahi kuuliza. Nilipomweleza kaka, alitoka nje akakaa ndani ya gari kwa muda mrefu. Jambo hilo moja, lililopatikana kwa kuuliza juu ya mashine, lilibadilisha namna tulivyomzika.

Upande wa imani ulikuwa na taabu ya aina nyingine, kwa maana hapo kila mtu alikuwa na maneno tayari. Rasimu ya kwanza ilisema kwamba marehemu "hakukosa ibada hata moja maisha yake yote". Kiwanda kilifanya kazi kwa zamu tatu, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nane mchana, saa nane hadi saa nne usiku, na saa nne hadi alfajiri, na Jumapili mashine hazikuwa zinajua kuwa ni Jumapili. Alikosa ibada nyingi, na nyingine alizihudhuria akitoka zamu ya usiku, akalala tangu mahubiri yanapoanza hadi sadaka inapopita. Wenzake walieleza alivyofanya: alibadilishana zamu na wafanyakazi Waislamu. Wao walimshikia Jumapili za Komunio, Pasaka na Krismasi. Yeye aliwashikia sikukuu za Idi, na mwezi wa Ramadhani alichukua saa za joto kali ili wao wapumzike. Mmoja wa waliokaa chini ya mwembe alikuwa ndiye mshirika wake mkubwa wa mabadilishano hayo, na alisema kwamba walikuwa wakidaiana Jumapili na Idi hadi kiwanda kilipofungwa, na hesabu hazikuwahi kukaa sawa.

Mzee mmoja wa kanisa hakupenda tuandike hivyo. Aliona tunampunguzia marehemu sifa mbele ya madhabahu. Mimi niliona kinyume chake. Mtu asiyekosa ibada kwa sababu hana zamu hajatuambia lolote juu ya imani yake. Mtu anayekwenda kumbembeleza mwenzake, akaahidi kufanya kazi siku ambayo mji mzima unakula pilau, ili yeye apate kushika kikombe cha Chakula cha Bwana, huyo ametuambia jambo. Mchungaji alipoletewa shauri aliamua upande wetu, na hata aliitumia habari hiyo katika mahubiri. Anayeandika wasifu wa mtu wa dini asiogope ukweli wa namna hii. Ila aonane na mchungaji mapema, kabla karatasi hazijachapishwa, kwa kuwa mabishano ya aina hiyo hayafai kufanyika jeneza likiwa limeshafika kanisani.

Zile bahasha za ahadi nazo zilikuwa na hadithi. Alitoa kila mwezi, hata katika miaka ambayo mshahara ulichelewa, na rasimu ilitaja hilo kama sifa safi. Mama alikumbuka ada za shule zilizolipwa nusu, na kaka aliyerudishwa nyumbani katikati ya muhula wakati bahasha ilikuwa imeshatolewa. Alitafakari kwa muda, kisha akaniambia, "Mwanangu, andika kwamba alitoa. Ila usiandike kwamba hatukuumia." Katika wasifu uliosomwa kanisani tuliandika la kwanza tu, kwa sababu la pili ni la nyumbani. Katika ule mrefu, ambao nitaueleza, yote mawili yamo.

Juu ya kifua chake tulijizuia. Ni kweli kwamba Jumatatu alikuwa akibanwa kuliko siku nyingine, na ni kweli kwamba vumbi la pamba huleta ugonjwa wa mapafu unaoitwa bisinosisi, ambao dalili zake huwa kali hasa siku ya kwanza ya kurudi kazini baada ya mapumziko. Lakini alifariki kwa kiharusi, na hakuna daktari aliyewahi kutuambia kwamba pamba ndiyo chanzo. Ndugu mmoja alitaka tukishutumu kaburini kiwanda kile cha Morogoro kilichokwisha kubadilisha wamiliki. Tulikataa. Msiba ni mahali pabaya pa kufungulia kesi.

Miaka ya mwisho ya kazi ilikuwa ya aibu ambayo hakuistahili. Tangu biashara ilipolegezwa katika miaka ya 1980, mitumba na vitambaa vya nje vilijaa masokoni. Vipuri vilikuwa haba kwa kukosa fedha za kigeni, na umeme ulikatika. Mashine zilizimwa safu moja baada ya nyingine. Katikati ya miaka ya 1990 alipunguzwa pamoja na mamia ya wenzake, na kiinua mgongo kikaja vipande vipande, kikaliwa kikiwa njiani. Baada ya hapo alilima bustani ya mchicha na nyanya, akatengeneza vyerehani vya mafundi wa mtaani, na kwa ukaidi ambao ulituchekesha alikataa kuvaa shati la mtumba hadi uzeeni. Akipewa kitambaa kipya alikigeuza, akatazama ukingo wake, akakivuta kwa vidole viwili, kisha akatoa hukumu ambayo mshonaji hakuomba.

Sasa niseme juu ya mahali pa kuzikia na gharama, kwa sababu ndiko familia nyingi huumizana. Ukoo ulitaka mwili upelekwe Upare, safari ya Chalinze, Segera na Korogwe hadi Same, kisha milimani. Hoja yao ilikuwa nzito: kila aliyemtangulia amelala huko. Bei ya gari la mwili na mabasi mawili ya waombolezaji, tulipoipata, ilizidi nusu ya michango yote iliyokuwa imeahidiwa, na ahadi za msibani si fedha taslimu. Kilichoamua ni kwamba Baba aliwahi kusema mbele ya jumuiya ya nyumba kwa nyumba, akiwa mzima, kwamba azikwe Morogoro mahali watoto wake watakapoweza kufika bila kukopa nauli. Wanajumuiya walikuja wakashuhudia. Bila ushahidi huo sidhani kama tungeafikiana. Alizikwa makaburi ya Kola, na ukoo ulileta wawakilishi wenye udongo wa nyumbani, jambo ambalo wengine kanisani walilitazama kwa jicho la pembeni na mchungaji akaamua kutoliona. Kama mzee wenu ana neno juu ya jambo hili, aliseme mbele ya watu wasio wa familia, na ikiwezekana aliandike.

Fedha nyingine zilikwenda kusikotakiwa. Fulana zenye picha ya marehemu zilichapishwa kwa shinikizo la vijana, na picha za video zikalipiwa kabla ya kuhakikisha kwamba chakula kimetosha. Kwa upande wangu, fedha iliyotumika vizuri kuliko zote ilikuwa ile ya kunakili karatasi za kwenye sanduku kabla hazijaanza kuzunguka mikononi mwa ndugu. Cheti halisi kikitoka ndani ya nyumba wakati wa msiba, kukirudisha ni kazi.

Siku yenyewe mwongozaji wa ratiba alinijia akaniomba nipunguze, kwa kuwa salamu zilikuwa nyingi. Tulikuwa tumejiandaa kwa hilo: tulikuwa na wasifu wa ukurasa mmoja, uliosomwa kwa sauti nyumbani na kupimwa kwa saa. Nashauri kila mtu afanye hivyo. Nashauri pia asisome mtoto wa kuzaa kama kuna mpwa au mkwe mwenye sauti thabiti. Kwetu alisoma mume wa dada yangu, akafika kwenye habari ya ishara za vidole, na wazee wa kiwandani, waliokuwa wamekaa mstari wa nyuma, wakainua mikono yao wakamwonyesha ishara moja. Wengi kanisani hawakuielewa. Niliwauliza baadaye, wakasema ni ile ya kumwambia mwenzako kwamba zamu yako imekwisha na mashine umeiacha ikienda vizuri.

Wasifu mrefu tuliuandika katika miezi iliyofuata, kwa ajili ya ibada ya shukrani na kwa ajili ya wajukuu. Tuliwarekodi wazee wale kwa simu, kila mmoja nyumbani kwake, asubuhi, kwa sababu alasiri huchoka na kuanza kukubali kila unachosema. Mwinjilisti wa Upare alitusomea kutoka kwenye kitabu cha ubatizo majina ya wadhamini wake, na kwa njia hiyo tukampata binamu ambaye hakuna aliyekuwa akijua kwamba bado yu hai. Miaka ya Ubungo ndiyo bado ina mapengo, kwa kuwa wengi wa waliofanya naye kazi huko wametangulia au wamehama. Kaka yangu, ambaye zamani hakuweza kumaliza sentensi mbele ya Baba, ndiye anayewatafuta sasa. Wiki iliyopita alipewa namba ya simu ya mfumaji mmoja anayeishi Manzese, na amenituma nimwandalie maswali kuhusu mashine.